Moja kwa Tisa

Mama Pacha alikuwa amefanya usafi kwenye wadi ya wazazi kwa miaka kumi na mmoja siku alipoambiwa kwamba lazima afanye mtihani wa hesabu. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na wafanya usafi wote wakajazana pale kulisoma, wengine midomo ikiwacheza. Lilisema kwamba watu wa mkataba sasa wataajiriwa moja kwa moja kama wahudumu wa wadi, ila kila mmoja kwanza afaulu mtihani wa maswali arobaini, ule ule kwa hospitali zote, wa kuchagua jibu na kupaka kiduara kwa penseli, karatasi zisahihishwe na mashine. Mada zilikuwa nne: sehemu, desimali, asilimia na uwiano. Atakayefeli, mkataba wake ukiisha ndiyo umeisha.

"Yaani nimedeki damu miaka yote hii," alisema mwenzake wa zamu, mwanamke mmoja mrefu ambaye hospitali nzima ilimwita Twiga, "halafu leo naulizwa robo tatu ya nini?"

Watu waliangua kicheko. Mama Pacha alijitahidi kucheka, kicheko kikakataa. Yeye na hesabu waliachana kwa ubaya akiwa darasa la tano, siku mwalimu alipomsimamisha ubaoni na kuliambia darasa hakuna kutoka nje mpaka huyu ajumlishe nusu na theluthi. Aliandika mbili ya tano, akafuta, akaandika tena mbili ya tano. Alikaa pale na chaki inayeyuka kwa jasho mpaka kengele ikamwokoa. Tangu hapo, akiona namba imekalia kichwa cha namba nyingine, anageuza macho.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, anakuja mara mbili kwa mwezi, analala, anafuliwa nguo, anaondoka. Pacha wenyewe, wasichana wa miaka kumi na mitatu, walikuwa bweni. Kwa hiyo nyumba ilibaki ya wanawake wawili, na huyo mkubwa alikuwa amefundisha darasa la tano miaka thelathini na mmoja kabla mtoto wa jicho hajamfunika macho yote mawili. Macho yalistaafu, mdomo haukustaafu. Mtaani bado walimwita Mwalimu.

"Mtihani lini?" aliuliza alipoelezwa.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Mama."

"Wiki tano. Leta kiti."

"Mama, ndiyo kwanza nimetoka kazini."

"Na mimi ndiyo kwanza nimepata mwanafunzi baada ya miaka saba. Leta kiti, mwanangu, usinichoshe."

Wakaanza hivyo, kila alasiri kwenye baraza la nyuma, Mama Pacha akipiga pasi au akichambua mchele na Mwalimu akiwa ameegemea ukuta, macho meupe yameangalia juu kama anayesoma kitu kwenye mabati. Hakuhitaji kuona. Mama Pacha akinyamaza kidogo tu, alikuwa anaambiwa, "Acha vidole! Nakusikia unahesabu vidole." Akikosea mara ya pili alipigiwa mkono wa kiti, ko-ko-ko, kama ng'ombe anayerudishwa njiani.

Sehemu alizielewa kwa mashuka. Mwalimu alimwambia akunje shuka mara moja, aseme amepata nini, akunje tena, akunje tena. Nusu, robo, moja ya nane. Miaka kumi na mmoja alikuwa anakunja mashuka sitini kwa siku na hakuna aliyemwambia kwamba anafanya hesabu. Kisha wakarudi kwenye ile nusu na theluthi ya darasa la tano, na Mwalimu akamwonyesha kwamba huwezi kujumlisha vipande visivyolingana, kwanza uvikate vyote kuwa vya sita. Tatu za sita na mbili za sita. Tano za sita. Mama Pacha aliweka pasi chini.

"Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Huyo mwalimu wako alikuwa na kazi ya kukueleza, si kukusimamisha."

Hapo akaanza kuipenda alasiri. Desimali zilimpiga chenga wiki nzima, zikakubali. Asilimia alizielewa kwa siku mbili. Walipofika kwenye uwiano ilikuwa imebaki wiki moja, siku ya Jumapili, na Mwalimu akataka mfano wa kazini.

"Kuna dawa ya klorini," Mama Pacha alisema. "Ile ya kufutia vitanda na sakafu na kulowekea vifaa. Tunachanganya moja kwa tisa. Jagi moja la dawa, majagi tisa ya maji."

"Kwa hiyo kwenye ndoo kuna majagi mangapi?"

"Kumi."

"Dawa ni sehemu gani ya ndoo?"

"Moja ya kumi."

"Chupa ina nguvu kiasi gani?"

"Tulifundishwa asilimia tano."

"Haya, moja ya kumi ya asilimia tano?"

Mama Pacha alifumba macho. Aliiona nukta ikisogea kushoto hatua moja, kama mtu anayempisha mwingine kwenye benchi. "Sifuri nukta tano. Asilimia sifuri nukta tano!" Akapiga kofi. Kwa sababu hiyo ndiyo namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya ukutani pale kwenye chumba cha kuchanganyia dawa, 0.5%, kwa wino mwekundu, na miaka yote aliipita kama anavyopita picha ya mtu asiyemjua. Sasa amejua ilikotoka. Alicheka peke yake mpaka Mwalimu naye akaambukizwa.

Jumatatu asubuhi aliingia kazini mwepesi. Kabla ya kuchanganya ndoo ya kwanza alichukua chupa akaigeuza, atazame ile asilimia tano kwa macho yake mwenyewe. Chupa ni zile zile, nyeupe, kifuniko cha bluu. Maandishi yalikuwa madogo, chini kabisa, karibu na tarehe ya kuisha.

Iliandikwa 2.5%.

Alichukua chupa nyingine. 2.5%. Ya tatu, ya nne. Alizipanga zote tisa kwenye sinki na zote zilisema neno moja.

Hakuhitaji kukunja shuka lolote. Moja ya kumi ya mbili nukta tano ni sifuri nukta ishirini na tano. Nusu. Ndoo zake zilikuwa na nusu ya dawa inayotakiwa, na yeye ndiye aliyezichanganya, kila asubuhi, kwa mkono wake, kwa uhakika kabisa.

Alirarua kipande cha boksi la glavu, akatafuta penseli, akaanza kuandika, lakini nukta zilikuwa zinaangukia popote. Akapiga simu nyumbani.

"Mama, mbili nukta tano gawanya kwa sifuri nukta tano."

"Unanikatia taarifa ya habari, wewe. Sogeza nukta zote mbili. Ishirini na tano kwa tano."

"Tano."

"Tano. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ndoo ni majagi matano. Moja la dawa, manne ya maji."

"Moja kwa nne. Safi. Hilo ni la mtihani?"

Mama Pacha alitazama chupa tisa. "Ndiyo, Mama."

Siku ile alichanganya moja kwa nne. Harufu ilipanda ikamchoma macho, na hapo akakumbuka. Harufu hii ilikuwa imepotea siku nyingi. Aliona imepotea. Alikuwa amefurahi, alidhani wameleta dawa nzuri zaidi, isiyokausha mikono, na hata alimsifia mtunza stoo.

Alimfuata huyo mtunza stoo mchana. Alikuwa mzee wa utani mwingi, anaweka kadi zake kwa mpangilio kama karata.

"Hizi chupa mpya zilianza kuja lini, kaka?"

"Mpya zipi? Ni zile zile." Akavuta kadi, akapitisha kidole. "Ah. Kweli, msambazaji alibadilika. Tarehe kumi na nne, mwezi wa juzi. Kwa nini, zinavuja?"

"Hapana. Nauliza tu."

Wiki tisa. Alirudi wadini akitembea karibu na ukuta. Wiki tisa zilikuwa na akina mama wangapi, vitanda ishirini na vinne, kila kitanda watu wanabadilishana kila siku mbili? Namba hiyo hakutaka kuipata, ila sasa kichwa kilikuwa kimejifunza na hakikumuuliza ruhusa. Na ndani ya hizo wiki tisa kulikuwa na homa. Wauguzi walilalamika kwamba homa baada ya kujifungua zimezidi, wakasema ni msongamano, wakasema ni joto. Akina mama saba aliowakumbuka yeye. Sita walipona kwa sindano. Wa saba ni yule wa kitanda cha sita, binti fundi cherehani, mzazi wa kwanza, aliyekuwa anamtania Mama Pacha kwamba anadeki kama anayecheza muziki. Siku ya tatu alishikwa na homa, siku ya tano alipelekwa chumba cha upasuaji, akatoka bila kizazi.

Saa ya kubadilishana zamu ilipokaribia alimvuta Twiga pembeni, akamwonyesha chupa na kipande cha boksi. Twiga alisoma, akarudia kusoma.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi iishie kwangu." Twiga alimshika mkono, kwa nguvu. "Dada, mtihani ni Jumamosi. Ukifungua mdomo watasema wafanya usafi ndio waliowaambukiza wazazi. Mimi na wewe tutamwaga unga kabla hata hatujapaka kiduara kimoja. Tuchanganye hiyo moja kwa nne yako, tunyamaze. Imeisha."

"Na waliougua?"

"Una hakika gani kwamba ni ndoo? Wewe ni daktari?"

Hakuwa daktari. Alichanganya moja kwa nne Jumanne, na Jumatano. Dawa ikawa inaisha mara mbili upesi, mpaka mtunza stoo akauliza kama siku hizi wadi ya wazazi wanainywa. Nyumbani, majibu yalianza kumtoka hovyo. Alisema robo ni sifuri nukta nne. Mwalimu hakupiga kiti. Akasema, "Njoo ukae hapa chini. Nini?"

Akamweleza yote. Alipomaliza, mkongwe yule alifanya kwanza kile alichokizoea: akaipitia hesabu kwa sauti ndogo, mstari kwa mstari, akitafuta kosa. Hakulipata.

"Ni sahihi," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyetamani isiwe sahihi. "Subiri Jumamosi ipite, mwanangu. Ufaulu kwanza. Ukishakuwa mwajiriwa, ukisema watakusikiliza. Sasa hivi wewe ni ufagio tu kwao."

Mama Pacha alikuwa ametegemea kusikia neno lingine. Alitazama yale macho meupe na kuona kwamba Mwalimu pia anaogopa, kwamba katika nyumba hii mshahara wa dereva hauna uhakika na mama mzee anajua hilo kuliko yeyote. Hakumlaumu. Akasema, "Sawa, Mama," na akamaanisha.

Ingekuwa sawa kweli, kama si Alhamisi.

Alhamisi ni siku ya kliniki ya watoto wachanga, na njia ya kwenda kliniki inapita mlangoni pa wadi. Alikuwa anadeki pale aliposikia mtu anasema, "Bado unacheza muziki tu!" Aligeuka. Yule binti fundi cherehani alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, amepungua, kanga imemzidi. Alikuwa anatabasamu. Alimgeuza mtoto mbele ili Mama Pacha amwone, akasema, "Huyu ndiye wangu wa kwanza na wa mwisho, mtazame vizuri," kwa utani, namna mtu anavyotania jambo ambalo amelilia mpaka limekauka.

Mama Pacha alisema kitu, baadaye hakukumbuka nini. Binti alipokwisha kuondoka aliegemeza fimbo ya deki ukutani, akachukua chupa moja sinkini, akaenda kugonga mlango wa Sista Mkuu wa wadi bila hata kuvua glavu.

Ofisi ilikuwa ndogo, ya kuta za kioo, meza imejaa mafaili. Sista alimwashiria asubiri kwa kidole, akamaliza kuandika. Mama Pacha akaweka chupa juu ya faili, maandishi madogo yakimwelekea Sista.

"Tumekuwa tunachanganya moja kwa tisa, Sista. Hii ni mbili nukta tano. Ilitakiwa moja kwa nne. Ni tangu tarehe kumi na nne mwezi wa juzi. Nilijua Jumatatu."

Sista alivaa miwani, akasoma. Akavua miwani. Hakufoka. Alisimama, akavuta faili moja kabatini, akalifungua katikati kama mtu anayejua ukurasa. Ilikuwa barua ya stoo kuu kwa wadi zote, ikieleza kwamba nguvu ya dawa imebadilika na namna ya kuchanganya ibadilike. Pembeni kulikuwa na sahihi yake na neno nimepokea.

"Siku hiyo zilikuja barua sita," alisema taratibu. "Nilidhani hii ni ile ya glavu."

Wote wawili walitazama ile sahihi.

"Ungeweza kunyamaza," Sista alisema.

"Nilijaribu. Siku tatu."

"Nani mwingine anajua?"

Mama Pacha alisita. "Mama mkwe wangu," alisema. Twiga hakumtaja.

Sista alifunga faili. Alisema arudi kazini, aendelee na moja kwa nne, na kwamba yeye mwenyewe anakwenda kwa Mganga Mkuu sasa hivi kabla moyo haujabadilika. Alipita kwenye korido na ile barua mkononi, amenyooka, na Mama Pacha alimwonea huruma ambayo hakuitegemea.

Ijumaa, hospitali nzima ilijua. Ilionekana kwamba wadi nyingine tatu zimechanganya vile vile. Twiga alipita karibu naye chumba cha kubadilishia nguo akasema bila kumtazama, "Umetuuza," na hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia kwa muda mrefu.

Jumamosi walifanya mtihani kwenye ukumbi wa chakula, madawati yametenganishwa, penseli mbili mbili. Mama Pacha alikuwa hajapata usingizi wa maana siku tatu. Swali la kwanza alilisoma mara nne. Kisha akajilazimisha kusikia ko-ko-ko ya mkono wa kiti, na kichwa kikaanza kwenda. Sehemu zilitii. Desimali zilitii. Alipofika maswali ya uwiano alikutana na moja la rangi: makopo mawili ya nyeupe kwa matatu ya bluu, mchanganyiko mzima ni makopo ishirini, bluu ni asilimia ngapi? Swali jepesi. Lakini macho yake yaliona ndoo, yakaona kitanda cha sita, na penseli ikasimama. Alikaa nalo mpaka msimamizi akatangaza dakika kumi. Akaliruka, akamaliza yaliyobaki, na lile akaliacha viduara vyote vinne vitupu.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu. Alipata thelathini na moja kati ya arobaini; kufaulu kulihitaji ishirini na nne. Mwalimu alitaka asomewe karatasi nzima, swali kwa swali, na alipoelezwa lile la rangi alisema hapo hapo, "Asilimia sitini! Hilo si ulilijua?"

"Nililijua, Mama."

Twiga alipata ishirini na mbili. Walimpa nafasi ya kurudia, na akarudia, na akafaulu, ila salamu hakumrudishia Mama Pacha.

Kamati iliketi mara mbili. Iliandika kwamba taarifa ya mabadiliko haikufikishwa kwa wahusika, kwamba chupa zote zipewe alama ya rangi, na kwamba uhusiano kati ya dawa hafifu na homa zile haukuthibitika, kwa kuwa sababu zingeweza kuwa nyingi. Sista Mkuu alihamishiwa ofisi ya takwimu, jengo la nyuma, ambako hakuna mgonjwa. Mama Pacha alipewa sare ya kijani ya mhudumu na barua ya onyo ndani ya wiki moja. Onyo lilikuwa la zile siku tatu.

Katika karatasi zote hizo hakuna hata moja iliyosema kwamba akina mama waliougua waelezwe. Aliuliza. Mjumbe mmoja wa kamati alimjibu kwa upole kwamba kisichothibitika hakisemwi, kitawaumiza watu bure.

Alilibeba hilo mwezi mzima. Alhamisi moja binti fundi cherehani alikuja tena, mtoto ameanza kushika shingo. Alimkuta Mama Pacha kwenye benchi la nje wakati wa mapumziko, akaketi, akamwekea mtoto mapajani bila kuuliza.

"Nishikie nikatafute kadi yake."

"Ngoja kwanza," Mama Pacha alisema. "Kuna jambo, mdogo wangu."

Akamwambia. Hakulizungusha. Alisema dawa ya kufutia vitanda ilikuwa nusu wakati yeye amelazwa, kwamba yeye Mama Pacha ndiye aliyechanganya, kwamba hakuna anayejua kama ndicho kilichosababisha na huenda hakuna atakayejua.

Binti alisikiliza akitazama viatu vyake. "Nusu ya nini?" aliuliza mwishoni.

Mama Pacha alimweleza: asilimia ngapi ilitakiwa, asilimia ngapi ilikuwepo. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa, na akiwa katikati alijisikia anavyoeleza vizuri, akanyamaza.

"Na wakubwa wenu wanasema nini?"

"Wanasema haikuthibitika."

"Na wewe?"

"Sijui. Kila siku naipiga hesabu upya na sipati."

Mtoto alikuwa ameshika kidole cha glavu ya mpira iliyotokeza kwenye mfuko wa sare, anakivuta. Binti alikitoa kidole hicho taratibu kwenye mkono wa mtoto.

"Nipe mwanangu," alisema.

Alimfunga mgongoni, akakaza kanga mara mbili, akaondoka kwa njia ya geti, si ya kliniki. Kadi ya mtoto haikuonekana tena kwenye dirisha la kliniki. Baadaye muuguzi mmoja alisema ameihamishia zahanati nyingine. Mama Pacha alikaa kwenye benchi mpaka mapumziko yakaisha, kisha akaingia ndani, kwa kuwa vitanda viwili vilikuwa vimeachwa na vilikuwa vinasubiri kufutwa.